Kozi za Flash Zisizofunguka Tena: Kinachoweza Kuokolewa na Kinachohitaji Kuandikwa Upya

Wateja wengi wanaotuletea kozi zao za zamani hueleza tatizo linalofanana. Kozi ya usalama kazini, au ile ya kuwaelekeza waajiriwa wapya, ilitengenezwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, ikapakiwa kwenye mfumo wa mafunzo na kutumika vizuri, lakini siku hizi mfanyakazi akiifungua anaona jina la kozi na chini yake kisanduku kitupu. Lawama huangukia kwanza intaneti, kisha kompyuta, kisha watu wa Tehama, ambao kwa kweli hawana kosa.

Vivinjari vya zamani havikuwa na uwezo wa kucheza video na katuni vyenyewe, kwa hiyo kazi hiyo ilifanywa na programu-jalizi, yaani programu ndogo za kuongezwa kwenye kivinjari, kama Flash ya Adobe, Silverlight ya Microsoft na Java. Programu hizo zilipewa nafasi kubwa mno ndani ya kompyuta ya mtumiaji, na kila udhaifu uliogunduliwa ndani yake uligeuka kuwa njia ya wadukuzi kuingia. Chrome iliziondoa nyingi kati ya hizo mwaka 2015 na Firefox ikafuata Machi 2017, zote mbili zikiibakiza Flash kwa muda. Julai 2017 Adobe wenyewe walitangaza kwamba wangeacha kuihudumia Flash mwishoni mwa 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 hata nakala zilizosalia kwenye kompyuta za watu zilikataa kuonyesha chochote. Silverlight nayo iliachwa Oktoba 2021. Kwenye simu hali ilikuwa mbaya mapema zaidi, kwa kuwa iPhone haikuwahi kukubali Flash na Android iliachana nayo tangu 2012. Mfanyakazi wa tawini asiye na kifaa kingine zaidi ya simu yake alifungiwa nje ya kozi hizo miaka mingi kabla ya ofisi kuu kugundua.

Zipo ofisi zinazotunza kompyuta moja ya zamani yenye kivinjari kisichosasishwa, ili wafanyakazi wapange foleni na kufanya mtihani hapo. Hatushauri hivyo hata kidogo. Kompyuta isiyosasishwa, tena iliyounganishwa na mtandao wa ofisi, inarudisha hatari ileile iliyosababisha Flash kuondolewa.

Jambo la kwanza tunalouliza ni faili la chanzo. Kozi iliyochapishwa huwa na kiambishi cha .swf, ilhali chanzo chake huwa .fla, au faili la mradi la Captivate au Storyline, ambazo ni programu za kutengenezea kozi. Chanzo kikiwepo, mara nyingi tunaweza kukifungua katika toleo jipya la programu iliyokitengeneza na kukichapisha kwa HTML5, ambayo vivinjari vya leo huielewa bila msaada wa programu-jalizi yoyote, ingawa katika faili za .fla picha na mijongeo huhamishika lakini maelekezo ya ActionScript, lugha ya programu ya Flash, yanabidi yaandikwe upya. Faili la .swf peke yake ni kama chapati iliyokwisha kuiva: unaweza kuchambua picha, sauti na maandishi yaliyomo, lakini huwezi kuirudisha kuwa unga. Ipo pia programu huria iitwayo Ruffle, ambayo huigiza Flash ndani ya kivinjari. Inafaa kwa katuni fupi na kwa kutukumbusha kozi ilikuwa na nini, ila kwa mitihani yenye alama, hasa iliyoandikwa kwa ActionScript 3, hatuitegemei.

Kazi inayotuchukulia muda mrefu zaidi, na ambayo mteja haioni, ni alama. Kozi nyingi za kipindi hicho huwasiliana na mfumo wa mafunzo kwa utaratibu wa SCORM 1.2 wa mwaka 2001, ambao unatumia JavaScript, lugha ya programu ambayo vivinjari huielewa vyenyewe, na bado unafanya kazi. Hata hivyo, kozi inaweza kupendeza machoni na bado isirekodi kwamba mtu amefaulu. Nyingi zilisubiri mtu afunge dirisha ndipo zitume matokeo, na tangu 2020 vivinjari vilianza kuzuia utumaji wa namna hiyo wakati ukurasa unapofungwa. Kwa sababu hiyo sisi huihifadhi hali ya mwanafunzi kila anapogeuza ukurasa, kisha tunajaribu kama mtu aliyefaulu, aliyefeli, na aliyekatikiwa umeme katikati akarudi kesho yake. Kabla ya kubadilisha kifurushi chochote cha kozi, yaani mafaili yake yote kwa pamoja, tunaomba ripoti zote za zamani zipakuliwe, maana kwenye baadhi ya mifumo kupakia kozi mpya juu ya ile ya zamani hufuta kumbukumbu za waliokwisha kuhitimu, na mkaguzi wa usalama akija ni hizo atakazozitaka.

Sauti ni jambo dogo kulinganisha na hilo: Chrome haiiruhusu ianze yenyewe mpaka mtu abofye, hivyo tunaweka kitufe cha Anza. Video za FLV, yaani za muundo wa Flash, tunazigeuza kuwa MP4 na kuzipunguza uzito, kwa kuwa wengi watazitazama kwa bando lao wenyewe.

Si kila kozi inastahili gharama hiyo. Kozi ya mwaka 2010 kuhusu utunzaji wa taarifa za wateja, kwa mfano, ilitangulia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na kuihamisha jinsi ilivyo ni kuwafundisha wafanyakazi mambo yaliyopitwa na wakati kwa teknolojia mpya. Kozi za namna hiyo tunapendekeza ziandikwe upya, hata pale kuhamisha kungekuwa rahisi zaidi kwetu.

Ili tukupe makadirio, tutumie kifurushi cha kozi kama kilivyo kwenye mfumo, faili la chanzo ukilipata, jina na toleo la mfumo wa mafunzo, pamoja na maelezo ya vifaa ambavyo wafanyakazi wako hutumia. Chanzo kikikosekana, anza kwa kumuuliza aliyekutengenezea kozi hiyo, kwani watengenezaji wengi hutunza nakala, na bei ya kazi hushuka sana ikipatikana.