Tuandikeni majina kabla kamba haijafunguliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu usafiri wa majini hapa Ukerewe, visiwani katika Ziwa Victoria. Ninaomba kila abiria aandikwe jina anapopanda chombo, iwe ni meli inayotoka gati la Nansio kwenda Mwanza, kivuko cha Rugezi kwenda Kisorya au mtumbwi wa mbao unaotokea mwaloni, yaani ufukweni panapoegeshwa mitumbwi. Na nakala ya orodha hiyo ibaki nchi kavu kabla chombo hakijaondoka.

Sisi wa Nansio tunaishi kwa gati. Dagaa, machungwa na mihogo yetu hupita hapo kwenda Mwanza. Saruji, dawa na madaftari ya watoto hurudi kwa njia hiyohiyo. Mgonjwa akipewa rufaa ya Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza, lazima avuke maji. Kwa hiyo anayetuambia kwamba mwenye hofu asisafiri hajapata kuishi kisiwani.

Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza, orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwapo. Ya daraja la tatu haikuwapo. Waliolipa nauli ndogo, ambao ndio waliokuwa wamebanana zaidi, hawakuandikwa popote. Mpaka leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio, wengine wakisema mamia, wengine wakifikisha elfu moja. Jambo hili linaniumiza kila Mei inapofika, kwa sababu makadirio hayana jina la mama wala la mtoto.

Miaka 22 baadaye likatufika sisi wenyewe. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya kule kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walihesabiwa 228, na 41 wakaokolewa. Lakini siku ya kwanza hakuna aliyejua wangapi walikuwa ndani, maana mkata tiketi alikufa na mashine yake ikapotea majini. Fundi wa kivuko alipatikana Jumamosi akiwa hai bado, ndani ya chombo kilichokwisha pinduka. Mtu anaweza kuwa hai humo kwa siku mbili, na waliopo nje hawajui hata wanamtafuta nani! Ndugu ndio waliokuwa orodha: walikaa ufukweni wakitaja majina kwa kukumbuka nani aliaga asubuhi kwamba anakwenda gulioni.

Tangu hapo tumehimizwa sana kuvaa maboya, nami naunga mkono. Ila boya halisemi nani hajarudi.

Najua jibu la haraka litakalotolewa: foleni itakuwa ndefu, hasa siku za gulio. Mbona mabasi ya mikoani huandika jina la abiria kwenye tiketi, na watu hawajagoma kusafiri? Tunachohitaji ni jina, kijiji anachotoka na namba ya simu ya ndugu aliyebaki. Anayejua kusoma na kuandika anaweza kumaliza mstari mmoja kwa muda mfupi kuliko ule tunaotumia kupakia magunia. Na watoto waandikwe pia. Mtoto wa mgongoni hakatiwi tiketi, hivyo katika hesabu ya tiketi ni kama hayupo chomboni.

Ninalo pendekezo kuhusu daftari lenyewe. Kila ukurasa uchapwe kwa idadi ya abiria ambao chombo kimeruhusiwa kubeba. Kama ni 101, mistari iwe 101. Ikijaa, safari imejaa. Kinachotuponza siku zote ni huruma ya "huyu mmoja tu, anawahi msibani", na nahodha peke yake hawezi kuikataa mbele ya watu wa kijijini kwake. Akiwa na ukurasa uliojaa mkononi, ana cha kuonyesha.

Kwa mitumbwi, ambako hakuna ofisi wala mkata tiketi, viongozi wa mwalo wapewe jukumu hilo. Hao huwajua wenye vyombo kwa majina, na wakishika nakala ufukweni, chombo kikichelewa mpaka giza litajulikana hilo usiku uleule, badala ya kusubiri mke wa mtu aanze kupiga simu kesho yake.

Naiomba halmashauri yetu, pamoja na wanaosimamia vyombo na usalama wa majini, waanze na gati la Nansio na Bugolora, siku za gulio kwanza. Madaftari na mtu mmoja wa kuandika kila gati havihitaji kusubiri bajeti ya meli mpya.

Mkazi wa Nansio,
Ukerewe, Mwanza