Busisi isiachwe iwe mahame: tutazame yaliyoukuta mji mdogo wa Nicodemus

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba, kwa kuwa Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa na magari hayasubiri tena kivuko, makazi ya Kigongo na Busisi, yaliyokuwa yakiishi kwa abiria pande zote mbili za Ghuba ya Mwanza, hayana tena sababu ya kuwapo, na kwamba mahali ambapo watu walikuwa wakisubiri tu kuvuka hapana historia ya kutunza. Hoja yake ya kwanza naielewa, ingawa siikubali yote. Hoja ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nimefundisha jiografia katika shule za sekondari za mkoa huu kwa zaidi ya miaka thelathini, na jambo lililonisumbua kila mwaka ni kuona wanafunzi wangu wakiweza kueleza kilimo cha ngano katika nyanda za Marekani Kaskazini kwa ufasaha, ilhali hakuna hata mmoja aliyeweza kunieleza kwa nini kijiji alichozaliwa kipo pale kilipo na si kwingine.

Katika kuyatafuta mambo ya nyanda hizo ili nifundishe vizuri zaidi, nilikutana na habari za Nicodemus, kijiji kidogo kilichoko Kaunti ya Graham, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas, kando ya tawi la kusini la Mto Solomon. Naomba wasomaji wanivumilie nikieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu mambo yaliyokipata yanafanana mno na haya tunayoyajadili.

Nicodemus ilianzishwa mwaka 1877, miaka 12 tu baada ya utumwa kukomeshwa Marekani. Watu weusi wa majimbo ya kusini walikuwa huru katika sheria, lakini vitisho na mauaji dhidi yao viliendelea, na wengi walibaki wakilima mashamba ya mabwana wao wa zamani kwa mkataba wa kugawana mavuno ambao uliwaacha na madeni mwaka baada ya mwaka. Sheria ya ardhi ya mwaka 1862 ilikuwa imempa kila raia nafasi ya kupata ekari 160 za ardhi ya serikali kule magharibi, mradi aishi hapo na kuilima kwa miaka mitano. Ndipo mchungaji mmoja mweusi, W. H. Smith, akishirikiana na mfanyabiashara wa ardhi wa Kizungu, W. R. Hill, wakaunda kampuni ya kuanzisha mji. Mwezi Julai 1877 zilisambazwa karatasi za matangazo zilizowaalika watu weusi kwenda katika bonde walilolisifu kuwa zuri kupita kiasi, kwa ada ya dola 5. Waliokubali wengi walitoka jimbo la Kentucky. Kundi kubwa la kwanza, la watu wapatao 300, lilifika Septemba mwaka huohuo. Walisafiri kwa treni hadi mji wa Ellis, kisha wakakata mbuga kwa takriban kilometa 55, safari iliyowachukua siku mbili.

Walichokikuta hakikufanana na matangazo. Willianna Hickman, aliyefika na mumewe mchungaji katika majira ya kuchipua ya mwaka 1878, alisimulia baadaye kwamba wenzake walipopiga kelele za furaha kuwa wamefika, yeye aliangaza macho huku na huko asione mji, akamwuliza mumewe Nicodemus iko wapi. Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukifuka kutoka ardhini. Watu walikuwa wakiishi ndani ya mashimo yaliyochimbwa kwenye kingo za udongo, wala si katika nyumba. Mama yule alilia. Wapo walioghadhibika wakarudi walikotoka, na wapo waliobaki kwa sababu hawakuwa na nauli ya kurudi.

Mwalimu wa jiografia hawezi kulipita jambo hili bila kuuliza kwa nini watu waishi ardhini. Jibu ni kwamba nyanda zile hazina miti. Nicodemus iko karibu sana na longitudo 100 magharibi, mstari ambao wanajiografia wa Marekani wameuhesabu kwa muda mrefu kuwa mpaka kati ya mashariki yenye mvua za kutosha na magharibi iliyo kavu. Mvua ya mwaka ni kama milimita 500 hadi 600, yaani karibu nusu ya ile inayonyesha hapa Mwanza mjini. Miti michache iliota kando ya mito tu. Kwa hiyo hapakuwa na mbao za kujengea wala kuni za kupikia, na walowezi walipikia kinyesi kilichokauka cha nyati na mabua ya alizeti. Wasomaji wa Kwimba, Maswa na Shinyanga hawatashangaa, kwa kuwa katika mbuga zetu za udongo mweusi mama zetu wamepikia kinyesi cha ng'ombe na mashina ya pamba kwa sababu ileile. Tofauti ni kwamba Msukuma alikuwa na ng'ombe katika mbuga zake, ama walowezi wale walikuwa na wanyama wachache mno, na shamba la kwanza wakalivunja kwa jembe la mkono na sepetu, katika ardhi iliyofungwa na mizizi ya majani ya karne nyingi. Vizazi vyao vinasimulia kwamba majira ya baridi ya kwanza wangeangamia kama si Wahindi Wekundu wa kabila la Osage, waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda, kuwagawia nyama.

Hata hivyo mji ulisimama. Zachary Fletcher na mkewe Jenny walikuwa na hoteli ndogo na posta, na mama huyo alikuwa mwalimu wa kwanza wa watoto wa pale. Makanisa yalijengwa, mawe ya chokaa yakachimbwa, nyumba zikainuka juu ya ardhi. Edward McCabe, aliyehamia mwaka 1878, alichaguliwa miaka minne baadaye kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, mtu mweusi wa kwanza kushika wadhifa wa ngazi ya jimbo huko. Na jambo ambalo wewe Mhariri utalipenda: kufikia mwaka 1887 kijiji hicho chenye watu mia chache kilikuwa na magazeti mawili, Western Cyclone na Nicodemus Enterprise.

Kisha likaja suala la reli. Mji wa nyanda kavu uliishi kwa kusafirisha nafaka, na usiokuwa na stesheni ulilazimika kuikokota ngano yake kwa magari ya farasi hadi kwa jirani aliye nayo. Wananchi wa Nicodemus walijua hivyo, na mwaka 1887 wakapiga kura kukubali kubeba dhamana ya dola 16,000 ili kuivutia kampuni ya Missouri Pacific. Mazungumzo hayakufika popote. Mwaka uliofuata kampuni nyingine, Union Pacific, ikaupitisha mstari wake ng'ambo ya kusini ya mto, kilometa chache tu kutoka Nicodemus, na kambi ya wajenzi wa reli ikageuka kuwa mji unaoitwa Bogue. Wafanyabiashara walianza kuhama wakavuka mto, na baadhi yao waliyakokota hata majengo yao. Kilometa chache, Ndugu Mhariri, ndizo zilizoamua nani aote na nani anyauke. Hakuna kosa lolote walilolifanya watu wale. Hesabu za wahandisi na wenye mitaji ndizo zilizoangukia upande wa pili wa maji.

Ukame na tufani za vumbi za miaka ya 1930 ziliwafukuza wengine wengi, na katikati ya karne iliyopita palikuwa pamebaki familia za kuhesabika kwa vidole. Kwa mantiki ya msomaji niliyemtaja, hapo ndipo habari ingeishia. Lakini waliohama waliendelea kurudi. Kila mwaka, mwishoni mwa Julai, wajukuu na vitukuu hukusanyika Nicodemus kutoka majimbo mbalimbali kwa sherehe iliyotokana na kumbukumbu ya kukomeshwa utumwa katika visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza, tarehe 1 Agosti 1834. Wazee walisimulia, na wajukuu wakaandika. Mmoja wa vizazi hivyo, mama Angela Bates, alihangaika miaka mingi kukusanya simulizi na kuishawishi serikali, na mwaka 1996 Nicodemus ikatangazwa kuwa eneo la kihistoria la taifa. Leo yanahifadhiwa pale majengo matano: makanisa mawili, hoteli ya zamani, shule, na ukumbi wa mji uliojengwa mwaka 1939. Kati ya miji iliyoanzishwa na watu weusi kule magharibi katika miaka iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ni huo pekee uliosalia.

Sasa nirudi nyumbani. Sililaumu daraja hata chembe. Mwaka ambao mama yangu aliugua tukiwa Sengerema, tulifika Busisi usiku kivuko cha mwisho kimeshaondoka, tukalala pale hadi alfajiri naye akiugulia kwenye kiti cha nyuma cha gari. Daraja hili la kilometa tatu lingemvusha kwa dakika chache. Lakini usiku ule ule muuza uji mmoja, mama wa makamo ambaye hakutujua, alitufungulia kibanda chake, akachochea moto, akamkanda mama miguu kwa maji ya moto hadi kulipopambazuka, na akakataa fedha. Mahali palipozaa desturi ya namna hiyo, ambapo mgeni aliyekwama alihesabiwa kuwa mgeni wa wote, siwezi kukubali paitwe mahali pa kusubiri tu.

Busisi na Kigongo zina jiografia yake inayoeleweka vizuri kabisa. Ghuba ya Mwanza inaingia nchi kavu kwa makumi ya kilometa kuelekea kusini, na anayetaka kwenda Sengerema, Geita au Bukoba kwa barabara, asipovuka maji, itambidi aizunguke ghuba nzima. Hapo ndipo palipofaa kuvuka, na kivuko kikawa mama wa kila kitu kingine: wauza sato na dagaa, wenye mananasi ya Geita, mama lishe, wapagazi, vijana wa kuosha magari, wahubiri waliohubiri kwenye foleni, na wanafunzi waliouza karanga ili wapate daftari. Meli kama MV Mwanza na MV Misungwi zilijulikana kwa mlio wa honi zake. Mchuuzi mzoefu alijua kwa honi kama ana dakika kumi za kuuza au ana saa nzima.

Haya yote hayako kwenye kitabu chochote nilichowahi kukiona. Yamo vichwani mwa watu ambao sasa wanatawanyika, mmoja Usagara, mwingine Geita, mwingine amerudi kijijini kulima. Nicodemus ilinusurika kusahauliwa kwa sababu ilikuwa na magazeti yaliyochapisha habari zake, makanisa yaliyoandika majina ya waumini wake, na wajukuu waliouliza maswali babu zao wakiwa hai. Sisi hatuna hata kimoja kwa uhakika, na muda wa kuuliza ni huu. Nayasema haya nikikumbuka pia kwamba reli ilipofika Mwanza mwaka 1928 ikitokea Tabora, iliziinua stesheni kama Malampaka na Bukwimba, na kwamba reli ya kisasa ya kilometa 341 kati ya Mwanza na Isaka, ikikamilika, itapandisha baadhi ya vituo na kuvishusha vingine. Busisi ni ya kwanza tu kwenye foleni.

Naziomba halmashauri za Misungwi na Sengerema zisiyabomoe magati ya zamani na vibanda vilivyobaki kabla havijapimwa na kuchorwa ramani, kazi ambayo wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kuifanya kwa kamba ya mita na daftari wakisimamiwa na mwalimu wao. Nawaomba walimu wenzangu wa historia na jiografia wawatume wanafunzi kwa manahodha, wakata tiketi na mama lishe, wawaulize ni mwaka gani walianza kazi pale, nani aliwatangulia, na maji ya ziwa yalifikia wapi miaka yalipojaa. Nawe Mhariri nakuomba ukurasa mmoja kwa mwezi wa kuchapisha simulizi hizo kama zinavyosimuliwa.

Kwa upande wangu nimekwisha kuanza. Ninalo daftari lenye orodha ya vibanda kumi na saba vya upande wa Busisi, kama vilivyokuwa vimepangana kutoka gatini kupanda juu, mkono wa kulia, pamoja na bidhaa zilizouzwa katika kila kimoja. Mkono wa kushoto bado sijapata mtu wa kunikumbusha, wala sijampata yule mama wa uji. Yeyote aliyefanya biashara pale, au anayemfahamu aliyefanya, namsihi aache ujumbe katika ofisi ya gazeti hili, nami nitamfuata popote alipo.

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Nyegezi, Mwanza