Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: Aliyetunza ngitili naye alipwe

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kishapu, mkoani Shinyanga. Mimi ni mkulima na mfugaji, na ninayo ngitili niliyorithi kwa baba. Kwa msomaji asiyetoka Usukumani, ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza, mifugo isiingie, nyasi na miti vikue. Kiangazi kikikaza linafunguliwa, ndama na ng'ombe wa kulimia wapate chakula.

Nchi hii haikukauka yenyewe. Wakati wa ukoloni vichaka vilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kisha pamba ikameza mashamba, na uhamisho wa vijiji wa miaka ya 1970 ukawatenga wazee wetu na ngitili zao. Mwaka 1986, Serikali ilipoanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, tuliyoizoea kwa jina la HASHI, ngitili zilizoorodheshwa mkoa mzima zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kupita hekta 300,000. Sehemu kubwa haikuhitaji hata kitalu cha miche. Watu waliiacha ardhi ipumzike, visiki vya migunga vikachipua, dagashida, yaani baraza letu la jadi, ikaweka faini na sungusungu, walinzi wa jadi, wakalinda. Kuni zikarudi karibu na nyumba, na asali, dawa na mboga za porini vikarudi pia.

Sasa imekuja biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ukaa ambayo miti huivuta na kuitunza, na kanuni zake nchini zilitoka mwaka 2022. Wataalamu walifika kijijini kwetu, wakapima, wakatuuliza maswali mengi. Mwisho wakatueleza kwamba mnunuzi hulipia badiliko jipya, na miti yetu ilikuwapo tayari. Maana yake jirani aliyemaliza miti yake kwa mkaa ana cha kuuza akianza leo, na mimi niliyefunga ngitili miaka yote hii sina. Mheshimiwa, jambo hili linaniuma sana. Vijana wangu walilisikia wakiwa wamekaa hapo hapo.

Kufunga ngitili kuna gharama. Ni ekari ambazo ningelima dengu au pamba. Mvua zikichelewa, mwezi Oktoba, ng'ombe wamekonda na ada za shule zinadaiwa, mchoma mkaa anakuja na fedha taslimu mkononi. Hapo ndipo miti inapokatwa. Malipo ya uhifadhi yanayopitia warsha na kumfikia mwananchi baada ya miaka miwili hayawezi kushindana na mtu huyo.

Wahadza, wawindaji na waokota matunda wa Bonde la Yaeda, wametuonyesha njia. Mwaka 2011 walipata hati ya pamoja ya haki ya kimila ya ardhi, na mapato ya kaboni yamewalipa walinzi wao wa msitu na kugharimia matibabu na elimu. Wanalipwa kwa msitu uliosimama. Hakuna aliyewadai waukate kwanza.

Naomba ngitili za zamani zitambuliwe kwa hatari inayozikabili leo, maana kila mwaka zinakatwa au kugawanywa kwa warithi. Naomba hati za kimila zitolewe kwa ngitili za familia na za kijiji. Mwenye ekari tano hawezi kumlipa mpimaji, kwa hiyo tuunganishwe kata nzima, tupimwe pamoja. Fedha zigawanywe hadharani kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na akina mama wapewe fungu lao wenyewe, kwa kuwa wao ndio wanaokwenda kutafuta kuni ngitili inapofungwa. Na zilipwe kabla ya Oktoba.

Ngitili yangu nitaifungua wiki ijayo. Ukipata nafasi, njoo uione kabla ng'ombe hawajaingia. Nyasi zinanifika kiunoni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mfugaji wa Kishapu