Saa mbili usiku iliyogeuka saa nane

Ndugu Mhariri,

Tangu nistaafu na kurudi Moshi, kila nikikaa kunywa kahawa pale Mbuyuni lazima mtu aniulize: "Mzee, kule Uingereza ulikuwa hakimu?" Hapana. Nilikuwa upande wa serikali, nikitetea mbele ya jaji wa rufaa za uhamiaji uamuzi wa kumnyima mtu viza au hifadhi. Kwa kazi hiyo si lazima uwe wakili, na jalada mara nyingi nililipata jana yake.

Siku moja, Taylor House, jengo la London zinakosikilizwa rufaa hizo, mrufani alikuwa Mtanzania. Mahojiano yake yalisema alitoroka nyumbani saa nane usiku. Barua ya mkewe, saa mbili. Nilishapiga mstari mwekundu: huyu anadanganya! Ghafla nikacheka peke yangu. Wote wawili walisema saa mbili, ila mkalimani wa mahojiano aliitafsiri kwa Kiingereza neno kwa neno, na saa mbili ya Mzungu ndiyo saa nane yetu. Nikasimama, nikamwambia jaji hoja hiyo tunaiacha. Kwa mengine tulibishana hadi mchana.

Nawaandikia vijana wanaojiandaa kwa rufaa. Tajeni saa kwa kuongeza "baada ya magharibi" au "kabla ya alfajiri". Na jaji akiuliza kama unamwelewa mkalimani, usiitikie kwa adabu tu. Sisi Wachaga kwa kutikisa kichwa hatujambo, lakini kule jibu hilo linaandikwa.

Mstaafu,
Kibosho, Moshi