Karatasi ya damu isomwe yote

Ndugu Mhariri,

Nimefanya kazi ya maabara hapa Unguja kwa miaka 31 na sasa nimestaafu. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu mwaka 2023. Linahusu kipimo ambacho wengi wetu tumeshapimwa: picha kamili ya damu, ile FBP.

Mtoto wa kaka yangu aliposwa na kijana wa Muscat, katika hao jamaa zetu ambao nusu wako kule na nusu wako huku. Kule wachumba hupimwa damu kabla ya ndoa. Zikiwa zimebaki siku 12, nguo zishashonwa na watu washaalikwa, akanipigia simu analia. "Shangazi, wananambia nina thalasemia, na mwenzangu anabeba siko seli. Ndiyo nini?"

Nilijua ndiyo nini. Thalasemia ni hitilafu ya kurithi inayofanya mwili utengeneze pungufu hemoglobini, ile inayoipa damu wekundu na kubeba hewa. Siko seli ndiyo selimundu, ambayo hemoglobini yake hufanya chembe nyekundu zijikunje kama mundu. Kila mmoja wao amerithi hitilafu yake kwa mzazi mmoja tu, ndiyo maana anaitwa mbebaji. Yeye si mgonjwa, na mchumba wake si mgonjwa. Lakini kila atakaposhika mimba, mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kurithi vyote viwili, na anayerithi vyote viwili anaweza kuugua selimundu kama wale tunaowajua: viungo kuuma usiku kucha, macho ya manjano, kuongezewa damu kila mara.

Jioni ile nikaenda kwa wifi yangu. Yeye hatupi karatasi. Ana kopo la biskuti lenye vyeti vyote vya wanawe. Humo nikaikuta FBP ya binti huyo ya mwaka 2014, akiwa na miaka 16, alipopelekwa hospitali kwa kizunguzungu. Ni ile karatasi nyororo inayotoka kwenye mashine kama risiti ya dukani, na maandishi yameshafifia, hata ikabidi niisogeze dirishani. HB, yaani kiwango cha hemoglobini, 10.8. Hiyo imezungushiwa duara kwa kalamu ya buluu, na pembeni pameandikwa: upungufu wa damu, vidonge vya madini ya chuma. Mistari mingine hakuna aliyeigusa. RBC, yaani idadi ya chembe nyekundu, 5.4. MCV, ukubwa wa chembe moja, 64, na kawaida ya mtu mzima ni 80 hadi 100.

Nilikaa kitako palepale sakafuni. Mwili uliokosa madini ya chuma hutengeneza chembe ndogo, na hutengeneza chache. Anayebeba thalasemia chembe zake ni ndogo vilevile, lakini ni nyingi. Kwa hiyo unachukua MCV unaigawa kwa RBC. Jibu likiwa chini ya 13, unashuku thalasemia. Likizidi, unaelekea zaidi kwenye upungufu wa chuma. Hesabu hii inajulikana tangu mwaka 1973 na haitaki mashine mpya. Gawa 64 kwa 5.4 utapata kama 11.9. Hilo si jibu la mwisho hata kidogo, maana hesabu hii hukosea, na mtu anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja. Ni ishara tu ya kumpeleka akapimwe aina za hemoglobini, ambako anayebeba thalasemia ya beta kwa kawaida huonekana kwa HbA2, mojawapo ya aina hizo, iliyopita asilimia 3.5. Lakini ishara hiyo imelala miaka tisa ndani ya kopo, na mtoto kila akipimwa HB anaongezewa vidonge vilevile.

Simlaumu aliyeshika kalamu ile peke yake. Mimi mwenyewe nimetoa majibu ya namna hiyo kwa miaka mingi. Mashine inatoa namba chungu nzima, lakini daftari la kliniki ya wajawazito lilikuwa na safu moja tu, ya HB, nami nikinakili hiyo moja na karatasi naiweka pembeni. Nikizikumbuka karatasi zile silali vizuri.

Sasa nisieleweke vibaya. FBP haimwoni anayebeba selimundu. Majibu yake kwa kawaida hutoka safi kabisa, na wapo walioambiwa "damu yako nzuri" wakaenda kuoana wote wawili wakiwa wabebaji. Hilo linataka tone jingine kutoka kwenye kichupa kilekile cha mfuniko wa zambarau. Kuna kadi za kupima papo hapo, mfano wa zile za malaria, na kuna kipimo cha kutenganisha hemoglobini. Kile cha zamani cha kuangalia chembe zikijikunja kwenye hadubini hakimtofautishi mbebaji na mgonjwa, na kwa mtoto wa chini ya miezi sita hakiaminiki, kwa sababu bado ana hemoglobini ya tumboni. Tanzania hukadiriwa kuzaliwa watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Hatuwezi kuendelea kuwagundua wakiwa wodini na homa.

Pia mjamzito anayesoma barua hii asiache vidonge vyake. Wengi wetu kweli tuna upungufu wa chuma. Aombe asomewe karatasi yake yote, basi.

Na wale wanaonong'ona kuwa ni damu chafu ya upande wa mama, waache. Ugonjwa hutoka kwa wazazi wote wawili. Tangu mwaka 1954 Dakta Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wanaobeba selimundu hukingika zaidi na malaria. Ndiyo maana vinasaba hivi vimejaa pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria: vimewavusha wazee wetu kwenye mbu.

Ninachoziomba wizara zetu za afya, ya Bara na ya Visiwani, ni kidogo. Daftari la wajawazito liongezwe safu ya MCV na RBC. Kwenye kadi ya kliniki, palipoandikwa kundi la damu, paandikwe na aina ya hemoglobini, na baba naye aitwe apimwe. Na wanafunzi wa maabara wafundishwe kumwandikia daktari sentensi moja chini ya majibu: chembe ndogo na nyingi, tafadhali chunguza thalasemia.

Binti yetu harusi yake iliahirishwa miezi mitatu. Walikaa na mshauri, wakaelewa, wakaoana wakijua. Karatasi ile ya 2014 nimeipiga picha kabla haijafutika kabisa, jina nimelificha kwa ruhusa yake. Mwalimu yeyote wa maabara anayeitaka kwa kufundishia nitampa.

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Unguja