Damu ya watoto wetu imechangia elimu ya vinasaba, matunda yake nayo yatufikie

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu utafiti wa vinasaba na ugonjwa wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi wetu tunauita siko seli. Tangu Uingereza na Marekani zilipoidhinisha, mwishoni mwa mwaka 2023, tiba ya Casgevy inayohariri vinasaba vya mgonjwa, habari hiyo imekuwa ikizungumzwa kwetu kama muujiza wa ng'ambo usiotuhusu, hasa inapotajwa bei yake huko Marekani, dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mimi ni mzazi wa mtoto mwenye ugonjwa huu, na mazungumzo hayo yananisikitisha, kwa sababu yanasahau kwamba sehemu ya elimu iliyozaa tiba hiyo imetoka katika damu ya watu wa Afrika Mashariki, na pia yanatufanya tuache kudai yale ambayo elimu hiyo hiyo inaweza kutupatia leo kwa gharama ndogo.

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hiyo, akakuta kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Victoria zaidi ya asilimia 20 ya watu walikuwa na kinasaba cha selimundu, ilhali kwenye nyanda za juu hawakufika hata asilimia moja. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba aliyekirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga ya kiasi fulani dhidi ya malaria. Hapo ndipo ilipoeleweka kwa nini kinasaba kinachoua watoto wanaokirithi kwa baba na mama kimedumu vizazi na vizazi katika maeneo yenye mbu wengi. Natamani kila mama aliyewahi kuambiwa na wakwe kwamba ameleta mkosi katika ukoo aelezwe jambo hili, na aelezwe pia kwamba pale wazazi wote wawili wanapobeba kinasaba hicho, kila ujauzito una uwezekano wa robo wa kupata mtoto mgonjwa.

Lakini sehemu iliyoongoza tiba mpya ni nyingine. Mtoto mwenye selimundu huzaliwa akionekana mzima kabisa, kwa kuwa miezi ya mwanzo damu yake bado ina himoglobini (kile kinachobeba hewa ya oksijeni ndani ya damu) ya tumboni, ile aliyoitumia kabla ya kuzaliwa, na hiyo haina kasoro. Inapopungua, kwa kawaida kuanzia karibu na mwezi wa sita, ndipo vidole na nyayo vinapovimba hadi ngozi ikang'aa, na mtoto analia ukimgusa tu. Wapo wagonjwa wachache ambao himoglobini hiyo huendelea kuwapo hata ukubwani, na maumivu yao huwa nafuu. Watafiti walitaka kujua ni nini kinachoizima kwa wengine, na mwaka 2008 wakabaini kwamba kinasaba kiitwacho BCL11A ndicho chenye kazi kubwa hapo. Mwaka 2011 Profesa Julie Makani wa Muhimbili na wenzake walichapisha utafiti uliochunguza vinasaba vinavyotawala himoglobini hiyo kwa wagonjwa wa Tanzania na wa Uingereza, na BCL11A ilikuwa miongoni mwavyo. Casgevy hufanya kazi kwenye kinasaba hicho hicho: madaktari huchukua chembe zinazozalisha damu za mgonjwa mwenyewe, huipunguza nguvu BCL11A ndani yake, kisha huzirudisha mwilini.

Nami nimewahi kuweka sahihi kwenye fomu ya ridhaa katika kliniki moja, nikamshika mwanangu mkono wakati muuguzi akijaza kitube chenye kifuniko cha zambarau, nikaambiwa damu ile ni kwa ajili ya utafiti wa vinasaba. Nilikubali kwa moyo mweupe, na ningekubali tena. Ila hakuna aliyerudi kutueleza sisi wazazi walichokiona ndani ya damu ile, wala kama kuna lolote katika matibabu ya watoto wetu lililobadilika kwa sababu yake. Mzazi anayetoa damu ya mtoto wake anastahili kurudishiwa jibu, kwa lugha anayoielewa, hata kama jibu lenyewe ni kwamba kazi bado inaendelea.

Ziko faida zisizohitaji mamilioni ya dola. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Tone la damu la kisigino cha mtoto mchanga linatosha kumtambua kabla vidole havijavimba, akaanzishiwa penisilini mapema, maana wengi wanaokufa wadogo huuawa na maambukizi ambayo wengu wao hauwezi kuyazuia. Ipo pia haidroksiyurea, dawa ya kumeza inayoongeza ile ile himoglobini ya tumboni. Kulikuwa na hofu kwamba huenda ingewadhuru watoto wa maeneo yenye malaria. Utafiti uliotolewa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 600 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ulionyesha kinyume chake: maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo, vyote vilipungua.

Wapo wanaosema kwamba nchi isiyoweza kufikisha vidonge hivyo kila wilaya haina sababu ya kutumia fedha kusoma vinasaba. Naiheshimu hoja hiyo, kwa kuwa nimeona wazazi wakirudi mikono mitupu kutoka dirisha la dawa. Hata hivyo watoto hawaitikii dawa hii kwa kiwango kimoja, na sehemu ya tofauti zao inaweza kueleweka kwa kuchunguza vinasaba vyao wenyewe. Tiba ya kuhariri vinasaba nayo inahitaji kemotherapia kali na wiki kadhaa za kulazwa. Itakaposhuka bei, haitaweza kutolewa mahali pasipo na wataalamu waliozoea kazi ya namna hiyo. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma imekwisha kuwapandikizia uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaozalisha damu, watoto wenye selimundu, na kwangu huo ndio msingi wa kujengea.

Naiomba Wizara ya Afya ifanye kipimo cha kisigino kuwa sehemu ya huduma ya kila mtoto anayezaliwa kituoni, ianze na mikoa ya Kanda ya Ziwa ambako tatizo ni kubwa, na haidroksiyurea ipatikane hadi hospitali za wilaya. Na kamati zinazopitisha tafiti zisiidhinishe utafiti wowote wa vinasaba vya watoto wetu kabla mtafiti hajaandika ni lini na kwa njia gani atawarudishia wazazi matokeo, na ni nini nchi hii itapata iwapo dawa itatokana na damu hiyo.

Mzazi wa mtoto mwenye selimundu,
Mwanza