Asante mzee wa kwenye benchi, popote ulipo hapa Napoli

Jamani naomba nimshukuru mzee mmoja ambaye hata jina sikumuuliza. Jumapili iliyopita bendi yetu ilikuwa inapiga wimbo wa 'O sole mio, mimi ndo solo ya tarumbeta, sasa dakika 10 kabla ya kuanza valvu ya pili ikaganda, unaibonyeza inashuka hairudi, mikono ikaanza kunitetemeka. Mzee akainuka kwenye benchi na fimbo yake, akaifungua ile valvu taratibu, akaipangusa kwa leso yake, akatia matone mawili matatu ya mafuta mpaka ikakaa sawa.

Afu akaniuliza, maneno unayajua? Nikamwambia hapana mzee, mi nasoma noti tu. Akanieleza polepole, siku ya jua inavyopendeza, hewa imetulia baada ya dhoruba, lakini kuna jua lingine zuri zaidi na liko usoni mwako mpenzi, ndo alivyoandika Capurro kwa Kinapoli na Di Capua akatia muziki, 1898 hiyo. Akasema pumua pale maneno yanapoisha. Mi miezi yote nilikuwa navuta pumzi popote nikichoka!

Tulipofika kwenye kiitikio nikaiachia ile noti ya juu kama namwita mtu dirishani, bendi ikashuka chini kabisa kunipisha, watu wakaanza kuimba wenyewe.

Kugeuka, benchi tupu. Shikamoo mzee wangu, asante sana tena sana, leso yako ninayo, nimeifua na kuipiga pasi, Jumapili niko palepale.